Sekunde 41 mbele ya hakimu: kisa cha animesheni katika kesi ya ajali Mbeya

Kesi hii imekwisha, muda wa rufaa umepita na fidia imelipwa, ndiyo maana leo naweza kuiandika. Majina sitayataja, wala mteremko wenyewe, kwa kuwa familia bado inaishi jirani na hapo. Ni kwenye barabara kuu ya Tanzam, ndani ya Mkoa wa Mbeya, mahali ambapo malori yenye shehena ya Zambia hushuka kwa gia ndogo huku bodaboda zikipanda zimebeba kila kinachobebeka. Aliyewahi kupita Iwambi, Inyala au Kitonga anaijua harufu ya breki zilizoungua.

Nilikuwa wakili wa mdai, mama wa kijana wa miaka 24 aliyefia palepale barabarani. Mama alifungua shauri akiwa msimamizi wa mirathi ya mwanawe. Wadaiwa walikuwa dereva na mwenye lori, na nyuma yao ilisimama kampuni ya bima, ambayo ndiyo iliyomlipa wakili wao na mtaalamu wao.

Yasiyobishaniwa yalikuwa machache. Ilikuwa mwezi wa Julai, saa moja kasoro robo jioni, jua limeshazama na giza linaingia haraka kama linavyoingia kwetu. Kijana alikuwa anapanda na pikipiki yenye parachichi nyuma. Lori la tela lilikuwa linashuka na tani 30 za mbolea. Mchoro wa trafiki ulionyesha alama za breki zenye urefu wa mita 31, zinazoanzia upande wa lori na kuishia mita moja na ushee ng'ambo ya mstari wa katikati. Vioo vya taa ya pikipiki vilikutwa upande wa pikipiki. Trafiki aliandika pia kwamba lami ilikuwa kavu, na kibao cha 50 kilikuwepo.

Mgogoro ulikuwa hapa. Dereva alisema kijana alitoka ghafla nyuma ya Hiace akiwa anaipita, akaingia upande wa lori, naye dereva akakwepea kulia wakati kijana naye anarudi kwake. Sisi tulisema hapakuwa na Hiace. Lori lilikuwa kasi kupita kiasi, dereva alipokanyaga breki likamvuta kulia, likamfuata kijana kwenye upande wake halali. Utingo alisema alikuwa amelala. Abiria wa Hiace hakupatikana hata mmoja, wala Hiace yenyewe.

Shahidi pekee asiye na maslahi alikuwa mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Nayanukuu maswali ya wakili wa upande wa pili kwa sababu yamebaki kichwani mwangu.

"Mama, kabla ya kishindo ulikuwa unaangalia wapi?"

"Naangalia mahindi yangu, baba, yasiungue."

"Kwa hiyo pikipiki hukuiona inatokea wapi?"

"Sikuiona."

"Na Hiace?"

"Hiace zinapita siku nzima. Ya saa ile siwezi kusema."

"Uliona nini hasa?"

"Nilisikia kishindo, nikageuka. Lori liko upande wa kule, limesimama. Basi."

Wakili alikaa akiwa ameridhika, na ninakiri kwamba mimi nilikaa nimekunja uso. Shahidi wetu alikuwa ameona mwisho tu. Siku iliyofuata waliingiza televisheni kubwa mahakamani, wakaleta shahidi aliyeona kila kitu.

Ilikuwa animesheni, yaani picha za kuchorwa kwa kompyuta zinazotembea kama filamu, ya sekunde 41. Sekunde 30 za kwanza zilionyesha lori likishuka kwa utulivu, mchana kweupe, kwenye kona ya chini ya kioo pameandikwa kasi: 68, kisha 60, kisha 55, kisha 48. Hiace nyeupe inapanda taratibu. Nyuma yake pikipiki isiyo na taa, imebeba mzigo mkubwa, inayumba. Inachomoka. Honi ya lori inalia kwa muda mrefu. Lori linakwepa. Kisha sekunde 11 za mwisho zinarudia mgongano kwa mwendo wa polepole, ukitazamwa kutoka juu kama vile ndege ilikuwa imesimama angani. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Mama wa marehemu hakuyahitaji maandishi. Aliinama, akafunika uso kwa khanga.

Nilipinga isipokelewe kama kielelezo. Wakili wa wadaiwa alijibu kwa kifungu cha 64A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoongezwa mwaka 2015, kinachosema ushahidi wa kielektroniki unapokelewa katika shauri lolote. Ni kweli kinasema hivyo. Lakini mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na kifungu chake cha 18 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa namna hiyo, iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyolindwa usibadilishwe, na kama njia hizo zinaaminika. Nami niliuliza jambo lililo nyuma zaidi ya hapo: hii ni data ya nini? Kamera ya dukani ikinasa ajali, kilichonaswa kilitokea mbele yake. Animesheni haikuwepo barabarani. Ilichorwa miezi 14 baadaye na mtu anayelipwa na upande mmoja. Hayo ni maoni ya mtaalamu yaliyovishwa picha, na maoni ya mtaalamu hupimwa kwa misingi yake.

Hakimu aliona ni busara kwanza nimhoji mtaalamu kuhusu namna alivyoitengeneza. Alikuwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye elimu na adabu, na ninamheshimu kwa sababu kila alipobanwa alisema kweli. Nilimwomba tuipitie sekunde kwa sekunde, kila moja aseme ameitoa wapi. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima.

Tulianza na kasi ya 68. Ilitoka kwenye kifaa cha GPS cha lori. Vizuri. Kifaa kile kilikuwa kinatuma taarifa kila baada ya sekunde 30. Pointi ya kwanza: kilomita 68 kwa saa. Pointi iliyofuata: sifuri, lori limesimama, mita 390 mbele. Katikati hakuna kitu. Gari linalokwenda 68 hupita karibu mita 19 kila sekunde, kwa hiyo ajali nzima, kuanzia dereva alipoona kitu hadi mtu alipokufa, iliingia ndani ya tundu la wavu bila kugusa uzi.

"Sasa 60, 55 na 48 zimetoka wapi?"

"Programu inaunganisha pointi mbili kwa mstari laini."

Nilikuwa nimepiga hesabu usiku na kijana wa ndugu yangu anayefundisha fizikia sekondari. Kama lori lilipungua taratibu hadi 48 ndipo likapiga breki, lingefika mita ile ya 390 kwa sekunde kama 27. Kama lilishuka na kasi yake karibu ileile hadi 64 ndipo dereva akakanyaga breki, lingefika kwa sekunde kama 23, na kifaa kingesubiri sekunde saba nyingine kabla ya kuandika sifuri. Pointi mbili za GPS zinazikubali hadithi zote mbili bila kusita. Animesheni ilichagua moja, ikaiandika kwa tarakimu kwenye kona ya kioo kana kwamba imesomwa kwenye dashibodi.

Mtaalamu akajitetea kwamba 48 haikutoka kwenye GPS peke yake. Ililingana na alama za breki. Hapo ndipo palikuwa na uzito wa kesi, kwa hiyo nieleze hesabu yenyewe. Urefu wa alama za breki unakupa kasi ukijua mambo mawili: tairi linashika lami kiasi gani, yaani msuguano, na barabara imeinama kiasi gani. Kasi kwa mita za sekunde ni kipeuo cha pili cha 2 mara 9.81 mara msuguano, ukishatoa mteremko, mara urefu wa alama. Mita 31 hazibadiliki, trafiki alizipima kwa futi kamba. Lakini msuguano haupimwi kwa macho, mtu anauchagua. Yeye alichagua 0.33, na mteremko wa asilimia 4.

"Msuguano wa 0.33 ni wa barabara ya namna gani?"

"Barabara yenye maji, kwa lori zito."

"Ilikuwa mwezi gani?"

Alifungua faili, akanyamaza kidogo. Julai. Mtu wa Mbeya hahitaji ripoti ya hali ya hewa kujua kuwa Julai ni baridi, upepo na vumbi, mvua haipo. Na ripoti ya trafiki ilisema kavu. Alikiri kwamba programu ilikuja na thamani hiyo tayari, naye hakuibadilisha. Nilimuuliza angetumia kiasi gani kwa lori kwenye lami kavu, akasema kati ya 0.45 na 0.6. Mteremko nao aliuchukua kwenye ramani ya satelaiti. Msoroveya wetu aliupima kwa mashine palepale, akapata asilimia 7. Tukarudia hesabu mbele ya hakimu, mtaalamu mwenyewe akishika kikokotoo: 55 kwa chini, 65 kwa juu. Hakuna jibu lililoshuka chini ya 50.

Mengine yalikwenda haraka. Honi? Aliambiwa na wakili; kwenye maelezo ya dereva polisi honi haimo. Pikipiki kuyumba? Ni mwendo uliokuja na mchoro wa pikipiki alioununua mtandaoni. Mchana kweupe? Ili watu waone vizuri. Pikipiki bila taa? Hakujua kama ilikuwa na taa. Nikamsomea maelezo ya mteja wake mwenyewe, yaliyoandikwa polisi usiku uleule: "Niliona taa ya pikipiki ghafla mbele yangu." Dereva aliiona taa, animesheni ikaizima.

Na Hiace? Neno la dereva peke yake.

Ule mwendo wa polepole mwishoni ulinisumbua kuliko honi. Kwa mwendo wa kawaida kijana anachomoka na kugongwa kabla hujameza mate. Kwa mwendo wa polepole unamwona ana nafasi ya kufikiri, ana nafasi ya kurudi, na harudi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Caruso na wenzake, walionyesha watu video za matukio yaleyale kwa kasi mbili. Walioona polepole walimhukumu mtendaji kuwa alikusudia zaidi, kwa kuwa walihisi alikuwa na muda mwingi kuliko aliokuwa nao. Kuonyeshwa kasi zote mbili kulipunguza kosa hilo, hakukulifuta. Kabla yao, mwaka 1997, Kassin na Dunn waliwapa watu kesi ya mtu aliyeanguka kutoka jengo refu: aliteleza au alijirusha? Animesheni iliyofuata ushahidi wa mahali mwili ulipokutwa iliwasaidia watu kuuelewa ushahidi huo vizuri zaidi. Animesheni iliyopinda kuelekea upande mmoja iliwapoteza hata pale ushahidi wa mwili ulipokuwa wazi mbele yao. Chombo ni kilekile, kinabeba kweli na uongo kwa nguvu moja.

Utasema hao walikuwa raia wa kawaida, kama wale wa baraza la Kimarekani linaloamua kesi, na sisi tuna hakimu aliyesomea sheria. Nami nilifikiri hivyo, mpaka niliponaswa.

Nieleze hili kwa uwazi. Wiki moja baada ya kuiona animesheni ya wadaiwa nilimwendea kijana mmoja anayetengeneza matangazo ya katuni Mwanjelwa. Nilimpa mchoro wa trafiki na maelezo yetu. Kwa siku tatu, akitumia Blender, programu ya bure, alinitengenezea ya kwetu. Jioni, lori limewasha taa, linakuja kasi. Pikipiki iko upande wake, taa inawaka, inapanda taratibu. Breki zinalia, tela linavuta kulia. Niliitazama mara nne na nilihisi koo limekaza. Nilijisemea: hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mara ya tano nikaona kofia ngumu kichwani mwa kijana. Hakuna shahidi aliyesema alivaa kofia. Eneo la tukio haikuokotwa kofia. Mchoraji aliiweka kwa sababu kichwa kitupu hakikumpendeza, na mimi, mwenye faili lote kichwani, nilikuwa nimeitazama mara nne nikaimeza. Kama mtu ameshaamini kofia, ameshaamini pia kwamba hapakuwa na Hiace, maana vyote viwili vimechorwa kwa kalamu moja. Hatukuipeleka mahakamani.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini mama wa mahindi alikuwa shahidi bora kuliko kioo kile. Alipofika mahali asipojua, alisema sikuiona. Animesheni haina namna ya kusema sikuiona. Pikipiki lazima iwe na taa au isiwe nayo, mpanda lazima awe na kofia au asiwe nayo, barabara lazima iwe na maji au iwe kavu, na kati ya pointi mbili za GPS lazima lori liende kwa kasi fulani. Kila tundu la ushahidi linazibwa, na kiraka kinapakwa rangi ileile ya kitambaa, hivyo anayetazama hajui ni wapi nguo ilikuwa imetoboka. Kosa haliko kwenye ubora wa picha. Picha mbaya ingekuwa salama zaidi, maana ingekukumbusha kuwa imechorwa.

Katika hoja zangu za maandishi sikuiomba mahakama ikatae animesheni zote. Nisingekuwa mkweli. Mahakama za Marekani zimekuwa zikizipokea tangu mwaka 1984, katika kesi ya People v. McHugh huko Bronx, nayo ilikuwa ya ajali ya gari. Mwaka 1994 jaji wa mahakama ya shirikisho mashariki mwa Pennsylvania alikataa moja iliyohusu ajali ya lori, kwa hofu kwamba watu huamini wanachokiona. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, katika kesi ya mauaji ya Commonwealth v. Serge, ilikubali. Maamuzi hayo hayaifungi mahakama yetu, lakini sababu zake zinafaa kusomwa. Mahakama ile iliridhika kwa sababu animesheni ilieleza tu maoni ya wataalamu waliohojiwa, na kwa sababu haikuwa na sauti, haikuwa na sura zenye hisia, wala damu, wala miendo ya kuigiza uhai. Baraza likaonywa kuwa huo ni mfano wa maoni, si tukio lenyewe. Ya kwetu ilikuwa na honi, mwendo wa polepole na pikipiki inayoyumba.

Kulikuwa pia na jambo la fedha. Katika kesi ya Serge animesheni ya upande wa mashtaka ilikadiriwa kugharimu kati ya dola 10,000 na 20,000, na mshtakiwa alilalamika kwamba hana uwezo wa kujibu kwa kiwango hicho. Mteja wangu alikuwa anauza dagaa. Sheria haisemi mwenye fedha asitengeneze picha, lakini hakimu anayetazama picha ya upande mmoja tu ana haki ya kujua kwa nini upande wa pili hauna.

Uamuzi mdogo ulisomwa Ijumaa. Mheshimiwa alisema animesheni si kumbukumbu ya tukio bali ni maoni, kwa hiyo haitapokelewa kama kielelezo kinachothibitisha jambo lolote. Ila mtaalamu anaweza kuitumia kufafanua maelezo yake, kwa masharti: sauti itolewe, mwendo wa polepole utolewe, maandishi yawe ya Kiswahili, kasi iandikwe kama kiwango cha chini na cha juu, na pale ambapo hakuna ushahidi mwingine unaoshikilia picha, pasichorwe kitu. Sharti la mwisho sikuwa nimeliomba. Nilitamani ningeliomba.

Katika hukumu ya mwisho dereva alionekana mzembe kwa mwendo uliozidi 50 kwenye makazi na kwa kuwa upande usio wake. Kuhusu Hiace, mahakama ilisema haikuthibitishwa, ikaishia hapo. Fidia haikufika tulichoomba. Kama Hiace ilikuwepo au la, mimi sijui mpaka leo, na mteja wangu nilimwambia hivyo.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku walipoileta tena ile animesheni iliyorekebishwa. Lori lilionekana juu ya mteremko, pameandikwa 68. Kisha kioo kikawa cheusi. Mtaalamu alikuwa ameacha giza la sekunde 20, kwa kadiri ya hesabu, na ukumbi ulikaa kimya wote, hata karani aliacha kuandika. Mama wa marehemu alinigusa mkono.

"Mwanangu, hapo mbona hawaonyeshi?"

"Hapo hakuna aliyeona, mama."

Safari hii hakufunika uso. Aliendelea kukitazama kioo kile cheusi mpaka alama za breki zilipojitokeza, na maandishi chini yake: kati ya 55 na 65.